Mafuta ya Kunjalata

Guwahati, 2 Juni 1999

Labanya mdogo wangu,

Mwanamke aliyekumwagia mafuta kichwani siku ile ya kupiga picha alikuwa mjane. Nimelificha jambo hili moja miaka thelathini na mitano, na sitaki kuondoka nalo.

Ulijua kuwa Kunjalata ni dada yangu. Wote mlijua, na ndiyo maana mliniamini, maana nani angemjua shemeji kuliko mimi? Mume wake alikufa kwa malaria mwaka 1958. Dada alivaa nguo nyeupe za ujane mwaka mmoja nyumbani kwa wakwe, akala mlo wake mmoja usio na samaki, kisha siku moja akatoka na kikapu kana kwamba anakwenda sokoni na hakurudi. Aliponifikia alikuwa ameshajipaka unga mwekundu katikati ya nywele kama mke mwenye mume. Kampuni ya maigizo ya kuzunguka ikamchukua. Akawaambia mume wake anafanya kazi kwenye visima vya mafuta Digboi. Waigizaji wenzake walikuwa wakimtania:

"Kunja, shemeji wa Digboi hajambo?"

"Kifua kinamsumbua."

"Mwaka jana ulikuwa mgongo!"

"Ndiyo hivyo, umepanda."

Nilicheka nao. Moto wa maiti ya mtu huyo niliuwasha kwa mikono yangu.

Bwana Phukan, mtengeneza filamu, alipokuja na hadithi ya *Jiko Moja*, ile familia ya ndugu watatu waliogawana jiko mpaka mke wa kitindamimba akawarudisha kwenye moto mmoja, mimi mtunzi wa nyimbo zake ndiye niliyemshauri asichukue waimbaji wa Kalkuta kwa siku ya mafuta, pale mama mkwe anapompaka bibi harusi. Nilimwambia twende Bogoriguri, wanawake wa pale waimbe wenyewe, uani kwenu, na wewe uwe bibi harusi kwa kuwa sauti ya filamu ni yako. Mama mkwe akahitajika. Nikamleta Dada.

Unakumbuka shangazi yako alivyobishana na Phukan?

"Baba, sisi hatuna nyimbo za uongo. Tukianza tunamaliza."

"Lakini shangazi, nikisema basi, mnyamaze."

"Wewe sema basi. Sisi tutaendelea."

Na waliendelea. Filamu iliisha ndani ya kamera, na wao wakaendelea. Dada akakupasua nywele katikati, akaweka pete na popoo juu ya utosi, akamwaga mafuta, akakupaka ule unga mwekundu. Wanawake walikuwa wakilia kweli. Bibi yako akatoka ndani, akasimama mlangoni, akasema, "Sasa mtoto huyu atachukuliwa na nani?" Tukacheka sote, na Phukan akampa biskuti.

Baada ya kama mwezi wazee wenu waliniita kwenye ukumbi wa sala. Nilijifunga kitambaa cha gamosa shingoni, nikapiga magoti, nikagusisha paji la uso sakafuni mbele ya kitabu kitakatifu. Mzee mkuu alisema kwa upole: "Khound, wewe ni mtoto wa msomaji wa dini, tunakuuliza kwa heshima. Ikiwa aliyemwaga mafuta ana mume aliye hai, binti huyu ameshatolewa, na ametolewa kwa nani hatujui. Ikiwa hana, basi yale ni mafuta tu. Aoge, ale, aolewe."

Nikasema shemeji yangu yuko Digboi.

Nilimpima dada yangu na wewe. Kampuni ingejua, isingemwacha acheze tena mke mwenye mume jukwaani, na jukwaa ndilo lililokuwa likimlisha. Angerudishwa kwenye nguo nyeupe. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba. Nilijiambia maneno ya kijiji yatapita.

Hayakupita.

Sasa niko ghorofani kwa mwanangu. Mapafu yamechoka, ngazi siziwezi, dirisha lina vyuma. Daktari anazungumza na mkwe wangu mlangoni, wanadhani sisikii. Sikuombi msamaha wa haraka. Niandikie neno lolote, hata la matusi.

Wako,
Purnakanta Khound

&nbsp;

Bogoriguri, 13 Juni 1999

Mwalimu, shikamoo.

Umeniruhusu matusi, ahsante, lakini mama yangu alinilea vibaya. Siwezi kumtukana mgonjwa.

Barua yako niliisomea jikoni, na nilipofika kwenye mgongo uliopanda kifuani nikacheka kwa sauti. Wifi Padumi alikuwa anakata mboga upande wa pili. Akageuka akanitazama kama mtu aliyesikia bata akiongea. Hajanisikia nikicheka mbele yake tangu 1969.

Hujui haya, kwa hiyo nikwambie. Mimi na wifi hatusemeshani. Tunaishi nyumba moja, tunapika jiko moja kama kwenye sinema yako, na hatusemeshani. Kaka alikufa akituacha hivyo. Nikitaka chumvi naiuliza sufuria: "Leo chumvi imefichwa wapi?" Naye anamwambia paka, kwa ile lafudhi yao ya Nalbari ya kumeza maneno nusu: "Mwambie shangazi yako, iko nyuma yake." Tumeshazika paka wengi, Mwalimu.

Kunjalata simlaumu. Ninavyomkumbuka, aliniinamia akaninong'oneza, "Usitikisike mwanangu, yataingia machoni." Hakutaka kunitazama usoni. Nilidhani ni kamera. Mungu ampumzishe. Kama angeniambia mwenyewe, ningemfichia siri na kuozeshwa nikaozeshwa. Wanawake tunaweza kufanya mambo mawili kwa pamoja. Ni wewe uliyeona lazima mmoja atupwe.

Unataka kujua maneno ya kijiji yaliishia wapi? Nilioga, ndiyo. Mafuta yalitoka. Lakini harusi zikija, wake za watu hawaniiti mbele kwa sababu sina mume, na wasichana hawaniiti kwao kwa sababu nimeshapakwa unga. Nakaa barazani karibu na viatu. Watoto waliniita Mke wa Pazia, yaani pazia la sinema. Watoto hao sasa wana watoto wao, na jina wamewarithisha.

Lakini mlango mmoja ulifunguka, na huo hukuufunga wewe. Mwaka 1969 ilikuja posa kutoka Nalbari. Rafiki yake kaka ndiye aliyeileta. Watu wa sala, hawaendi sinema, hawasomi magazeti ya sinema, wananijua kwa sauti ya redio tu. Kijana akiitwa Dimbeswar, karani wa ofisi ya ardhi, ana kigugumizi kidogo. Alikuja mara moja, akanywa chai, akamwaga nusu. Nilimpenda. Nakuambia kwa kuwa wote wawili tumezeeka: nilimpenda kwa ile chai aliyoimwaga. Wifi akaenda kwao kusalimia, huko huko Nalbari. Akarudi. Wiki iliyofuata wakavunja. Walisema wameambiwa habari za siku ya mafuta, aliyewaambia hawakumtaja. Aliyetoka Nalbari ni nani? Aliyejua ni nani? Alilia akasema si yeye. Mama yangu akamwambia, "Machozi ya Nalbari hayana chumvi." Tangu siku hiyo mimi na yeye ni sufuria na paka.

Sasa mwanawe Bidyut anakuja katikati ya Julai kumchukua. Figo za wifi zimekufa, anakwenda Bangalore kwenye mashine ya kusafisha damu, na wote tunajua harudi. Amemtuma jirani kuniambia anataka tuagane kama watu: anipe tambuu na popoo, tuombane radhi. Nikamwambia jirani, amwambie paka.

Nimeandika hilo kwa mkono imara, lakini tangu hapo sili vizuri. Nikimwacha aende hivi, ndivyo itakavyobaki mpaka nife. Nikimpokea tambuu yake, nitakuwa nimemsamehe aliyeninyima mume na watoto. Hilo ndilo linalonikaba, kuliko unga wa Kunjalata.

Halafu umeandika "jambo hili moja". Mimi nilikuwa mwanafunzi wako miaka mingi. Ulipokuwa na kosa moja tu la kunionyesha katika wimbo, ulinikatisha hapo hapo. Ulipokuwa nayo mawili, ndipo ulipoanza kuzungumza kwa upole. Barua yako ni ya upole sana.

Labanya Tamuli

&nbsp;

Guwahati, 22 Juni 1999

Labanya mdogo wangu,

Mvua imeanza na chumba kinanuka chokaa. Mkwe wangu amenisomea barua yako mara moja, mara ya pili nikaisoma mwenyewe, polepole. Huyo binti ni mwema, lakini alipofika kwenye chai iliyomwagika aliiweka barua chini, akaenda kufunga dirisha.

Umeniuliza kama kuna jingine. Nitakupa lililo karibu.

Dada alikufa 1967, kwa homa, akiwa safarini na kampuni, na walimchoma akiwa na unga wake mwekundu kichwani. Tangu siku hiyo hakukuwa na mtu wa kulindwa. Ningeweza kupanda basi, nikaingia ukumbi wenu wa sala, nikasema nilidanganya. Wangenitoza faini na kunitemea mate, nawe ungekuwa huru ukiwa na miaka ishirini. Sikwenda.

Kwa nini? Nimejiuliza hapa kitandani, na majibu yanakuja kwa sauti, si kwa maneno. Unakumbuka studio ya Kalkuta, ule wimbo wa kuaga wa *Jiko Moja*? Uliuimba vizuri. Msichana aliyefunzwa, pumzi safi, kila noti mahali pake. Watu walilia kwa sababu hadithi iliwaliza. Lakini mwaka 1970, kwenye filamu ya pili, ulipoimba wimbo wa mwanamke anayefagia ua wa watu, wapiga fidla walishusha vifaa vyao. Mpiga zumari mzee, Mbengali asiyejua lugha yetu, aliniuliza: "Dada huyu amefiwa na nani?" Nikamwambia hajafiwa. Akasema, "Basi ni vibaya zaidi."

Wimbo ule ndio ulionipa jina. Bado wananiletea shada za maua kwa ajili yake, wananipigia picha nikiwa na nishani. Nilijua sauti ile isingetoka kwa mwanamke aliyekaa kwa mume wake na kuku wake. Niliijua thamani yake. Nilikuwa kama mtu mwenye ndege mzuri ambaye kila asubuhi anasema kesho nitafungua mlango wa tundu.

Hilo ndilo lililo karibu. Ni baya, na nimelisema.

Kuhusu wifi yako, nakusihi kama mzee: usimwache aende hivyo. Chukua tambuu yake. Huenda hakusema yeye. Miaka thelathini ni mingi, na watu wa Nalbari wangeweza kusikia popote, filamu ilionyeshwa kila mji. Mgonjwa anayesafiri kwenda kufa hapaswi kusafiri na ukimya wako. Najua ninachokisema. Na mimi niko njiani.

Nakohoa sana nikiandika. Naishia hapa.

Purnakanta

&nbsp;

Bogoriguri, 3 Julai 1999

Mwalimu,

Maji yameingia. Barua hii inaondoka na mtu wa chelezo cha migomba mpaka barabarani, ikilowa si kosa langu.

Hilo la ndege na tundu nimelisoma. Sitalijibu leo. Siku nyingine, kama utakuwepo na mimi nitakuwepo. Leo nina shida na neno lako moja, "huenda". Limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Wewe si mtu wa huenda. Ulikuwa ukitufundisha kuwa noti ama ipo ama haipo.

Jiko liko chini ya maji mpaka kwenye mafiga. Tumehamia kwenye dari la mbao, mimi na wifi, bata wanne, paka, jiko la mafuta ya taa na gunia la mchele. Miguu yake imevimba kama mito ya kulalia. Dari lenyewe ni la hatua chache tu, nikinyoosha mguu namgusa. Mtu huwezi kuisemesha sufuria hapo, Mwalimu. Sufuria iko kwenye mapaja yako.

Jumatano mchana alisema, bila kumpitia paka:

"Labanya. Sikusema mimi."

Ilinichukua muda kujua kuwa ninasemeshwa. Nikamwambia, "Lafudhi yako haijapona tu."

"Yangu ilipona. Masikio yenu ndiyo yaliyougua." Akapumzika, kwa kuwa pumzi haimtoshi. "Sikusema."

"Nani basi? Bata?"

"Muulize Mwalimu wako."

"Mwalimu anahusika nini na Nalbari?"

"Muulize tu."

"Na mbona miaka yote hii hukuniambia nimuulize?"

Akafikicha miguu yake. Akasema, "Ulikuwa unakwenda Guwahati kuimba, unarudi unang'aa siku tatu nne. Baada ya hapo unakaa na viatu. Ningekwambia, ungekwenda kuimba na nani?"

Halafu akajifunika shuka mpaka kichwani. Yeye wewe hakupendi, tangu zamani. Redio ilipokuwa ikicheza nyimbo zako alikuwa anatoka nje kulisha bata hata kama wameshakula. Nimejiambia ni chuki ya mtu anayekufa, anataka kunichafulia kilichobaki. Nimejiambia hivyo siku mbili. Sitaki kuelewa alichosema. Niandikie wewe.

Bidyut anakuja tarehe kumi na sita na mashua ya msaada. Nataka jibu lako kabla ya hapo. Kama alisema yeye, nitamwacha apande mashua bila hata jani la tambuu, na sitajuta. Kama hakusema, basi nimemfungia mtu ndani ya nyumba hii miaka thelathini kama nilivyofungiwa mimi, nikamnyima hata chumvi, na nitakuwa na muda wa kutafuna tambuu moja tu kumuomba msamaha.

Usiniandikie kwa upole.

Labanya

&nbsp;

Guwahati, 9 Julai 1999

Labanya,

Posta haifiki kwenu na maji haya. Mkwe wangu ataipeleka barua hii mwenyewe kwa basi la Golaghat na atatafuta chelezo. Nimemwambia asiifungue. Amesema, "Baba, sitaki kuifungua," na nimemwelewa.

Si Padumi. Ni mimi.

Nilikwenda Nalbari siku ya Jumapili. Niliipata ile nyumba kwa kuulizia, na ilikuwa rahisi, kwa kuwa baba yake Dimbeswar ndiye aliyekuwa anashika matoazi kwenye ukumbi wao wa sala. Mpunga ulikuwa umeanikwa uani. Mama yake aliniona getini, akanitambua kwa jina nilipojitaja, akapiga makofi kwa furaha.

"Mwalimu wa redio! Ingia, ingia, pitia pembeni usinikanyagie mpunga. Dimbe! Leta kiti chenye miguu yote!"

Waliniwekea sahani ya popoo, tambuu, chai, na mikate ya mchele yenye ufuta na sukari guru. Dimbeswar alisimama nyuma ya mlango muda wote. Niliona vidole vyake tu.

Nikasema nimesikia mnamchukua mwanafunzi wangu, nimekuja kuwapongeza. Mzee akacheka. "Sauti yake tunaijua. Akifika hapa ataimba kwenye sala, na baadaye atawaimbia wajukuu wangu."

"Na redioni?" nikauliza.

"Redio ya nini tena, Mwalimu? Ana nyumba."

"Na filamu, je? Bwana Phukan anatengeneza nyingine."

Mama akacheka zaidi. "Filamu! Mtoto wa watu akajianike kwenye shuka jeupe! Hapana baba, hayo yameisha. Sisi tunataka mkwe."

Walikuwa watu wema. Nataka ulijue hilo, kwamba ile nyumba ingekuwa njema kwako. Begi langu lilikuwa magotini, na ndani yake nyimbo zote za filamu ya pili, wimbo wa kufagia ukiwa juu. Studio ya Kalkuta ilikuwa imeshawekwa kwa ajili yetu. Nilikunywa chai. Nikasema, kama mtu anayepitisha wakati:

"Bila shaka mmeshaambiwa habari za siku ya mafuta."

Mama akaacha kutafuna. "Mafuta gani?"

Nikawasimulia. Sikuongeza neno. Niliwasimulia jinsi shangazi yako alivyombishia Phukan, na wakacheka hapo. Nikawaambia jinsi filamu ilivyoisha ndani ya kamera. Nikawaimbia na ule wimbo, ubeti wa kwanza, kwa sababu mzee aliniomba, yeye ni mtu wa nyimbo. Aliufuata kwa vidole gotini. Kisha vidole vikasimama.

"Na waliuimba wote?"

"Wote."

"Na unga?"

"Na unga."

Kulikuwa na njia ya kuwaponya hapo hapo. Dada alikuwa amekufa miaka miwili. Ningesema alikuwa mjane, mama yule angevuta pumzi na kuniongezea chai. Nilikaa na hilo neno mdomoni pamoja na mkate wa ufuta, nikameza vyote viwili.

Mama akaifunika sahani ya popoo kwa kitambaa. Hakukasirika. Alisema, "Umefanya vizuri kutuambia, Mwalimu. Upande wao hawakutuambia." Akanifungia mikate ya safari. Nilipotoka, vile vidole nyuma ya mlango havikuwepo tena. Mikate niliila ndani ya basi, yote, na ilikuwa mitamu.

Ulipofika Kalkuta mwaka uliofuata, umekonda, hukuniambia lolote kuhusu Nalbari nami sikuuliza. Nilirekebisha kipaza sauti kikufikie, nikakwambia, "Imba."

Sasa limebaki moja, na hili ndilo ambalo nimeandika barua mbili nzima kulikwepa. Lazima umeshajiuliza nilijuaje habari za Nalbari, wakati posa ilikuwa ya siri na wewe hukuniambia. Si rafiki wa kaka yako aliyeianzisha. Yeye alitumwa tu, ili wewe na mama yako msiikatae kwa sababu ya chuki yenu kwa watu wa kule. Ni Padumi aliyekutafutia Dimbeswar, kwa shangazi zake, mwaka mzima, nyumba kwa nyumba. Alipokuwa njiani kwenda kwao, alishuka Guwahati akaja kwangu akiwa na vumbi la basi. Akaniambia kila kitu: jina lao, mtaa wao, kwamba hawaendi sinema, kwamba hawajui lolote, na kwamba duniani kote aliyebaki wa kuweza kuliharibu jambo hili ni mimi. Akainama akanishika miguu, akaomba nisiseme. Nilimwekea mkono kichwani na kumwahidi, na Jumapili hiyo hiyo nikapanda basi.

Purnakanta Khound